Kiganja Kizima

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 1962, tajiri wangu alichana ukurasa wa kitabu akafungia iliki. Mimi nilikuwa nyuma ya duka, kwenye banda la ngozi, lakini mlio wa karatasi nzuri ikichanwa niliufahamu. Nikaja mbele.

"Hicho ni kitabu," nikasema.

"Kilikuwa," akajibu. "Mzungu wa shamba la kahawa kule Oldeani amefunga mizigo, kaniachia sanduku zima. Magazeti yameniishia. Unataka iliki iende kwa mteja uchi?"

Nilimpa magazeti yangu yote, naye akanipa vitabu vitatu vya juu kabla mkono wake haujavifikia. Vyote vilihusu jambo ambalo sikujua kwamba watu huliandikia vitabu, yaani hisia. Kimoja kilieleza hasira na huzuni. Kingine kilieleza maisha ya mume na mke. Cha tatu, kile kilichopoteza ukurasa kwa ajili ya iliki, kilihusu kugusa: ngozi ya mtu inavyosikia ngozi ya mwenzake.

Ngozi za ng'ombe nilizijua. Kazi yangu pale Karatu ilikuwa kuzipanga kwa madaraja, na jicho peke yake halitoshi. Nilikuwa nafumba macho na kupitisha mkono, nikasikia mkwaruzo wa mwiba, alama ya kupe, na mahali palipoungua kwa sababu mwenyewe aliianika ngozi chini juani badala ya kuiwamba kivulini. Ngozi za watu ndizo sikuwa na uzoefu nazo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, naishi peke yangu, na shule niliishia darasa la nne kwetu Kansay. Mengine yote niliyapata kwa kamusi.

Nilisoma kila jioni bila kuruka neno. Mwandishi wa kile cha tatu aliamini kwamba ncha za vidole humwonyesha mwenzako wasiwasi wako, lakini kiganja kizima, kikitua taratibu na kutulia kidogo, humwambia kwamba yuko salama. Nikaona hilo ni jambo la kujifunza kama lilivyo jambo lingine lolote. Nilianza mazoezi kwa paka wa duka, ambaye aliondoka. Nikahamia kwa punda wa tajiri.

"Mwalimu," tajiri akaniita, maana ndivyo alivyonitania tangu vitabu vije, "huyo punda umeshamposa, au bado mnazungumza?"

"Namzoeza utulivu."

"Yeye ametulia. Wewe ndiye unatoka jasho."

Jasho lilikuwa kwa ajili ya binti wa mzee mmoja, mfugaji wa Kimasai kutoka Endulen. Alikuwa mwanamke mzima, mhudumu katika zahanati ya misheni, na kila baba yake alipotuletea ngozi alikuja naye, kwa kuwa mzee hakuiamini mizani yetu na binti alijua kusoma namba. Nilitaka kumwoa. Uamuzi huo niliufikia kwa utaratibu, baada ya kuufikiria masika mbili. Kilichonishinda kilikuwa kuanza.

"Karani," aliniambia siku moja kutoka upande wake wa meza, "kidole chako kiko kwenye mizani."

"Kiko kwenye ngozi, dada."

"Na ngozi iko wapi?"

Nikatazama. Kwa kumtazama yeye nilikuwa nimeikandamiza ngozi, uzito umepanda, na faida yote ilikuwa yao.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "kwa nini unamsumbua mtu kazini?"

Binti alicheka akiwa ameinama, na mimi nikapima upya. Usiku ule sikusoma kitu.

Tajiri, ambaye alikuwa ameoa mara mbili na hakuhitaji kitabu, akanishauri. "Nenda kwao kama mnunuzi wa ngozi. Usitamke neno la kuoa. Kunywa maziwa, waache wakutazame. Mzee akikupenda, atakuuliza mwenyewe una ng'ombe wangapi."

Nikapanda lori. Likapita msituni, likazunguka ukingo wa kreta katika ukungu, likanishusha Endulen mchana, nina baridi na kitabu ndani ya koti. Kwenye boma la mzee watoto wakanijia kwa mstari. Desturi hiyo kila mtu wa Karatu anaijua: mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa mbele ya mtu mzima, nawe unakigusa, ndiyo salamu. Nikawagusa mmoja mmoja. Mkono wangu ulikuwa umetulia kuliko nilivyotarajia.

Nyuma ya watoto alisimama yeye, siku hiyo akiwa amevaa shuka na shanga za nyumbani. Alinikaribia, akasimama. Kichwa chake hakikuwa juu na hakikuwa chini. Kilikuwa kimeinama kidogo tu, kama cha mtu anayesikiliza. Wanawake waliokuwa wakikamua wakaacha kukamua. Mzee, kwenye kigoda chake, akageuka kutazama.

Nikakumbuka sura ya nne ya kitabu. Nikaweka kiganja kizima juu ya kichwa chake, taratibu, nikakiacha hapo pumzi moja.

Kikongwe mmoja akacheka hadi akashika ukuta wa nyumba.

"Haya," mzee akasema, na alionekana kama mtu aliyetua mzigo. "Siku zote nilikuwa sijui nikuweke rika gani. Sasa umejiweka mwenyewe. Njoo ukae hapa, mwenzangu."

Nikakaa. Akanieleza bila haraka. Mwanamke mzima humwinamia mtu wa rika la baba yake, na mwanamume anayekigusa kichwa hicho amekubali kwamba huyo ni mwanawe. Watu wa rika moja hawaoi mabinti wa wenzao. Ningempa mkono tu, tungekuwa na mengine ya kuzungumza.

"Lakini mimi si Mmasai, mzee," nikasema. "Mimi sina rika."

"Ulikuwa huna."

Nikiwa na miaka thelathini na minne, nikaingia katika rika la wazee ambao wawili wao walihitaji kusaidiwa kuinuka.

Jioni binti aliniletea maziwa kwenye kibuyu. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa baba.

"Nilikuachia nafasi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisimama pale hadi shingo ikauma."

"Kitabu kilisema kiganja kizima."

"Kilisema juu ya kichwa?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Kilisema begani, au mkononi. Kichwani nilipachagua mimi."

"Basi kitabu hakina kosa," akasema, na akakaa karibu nami kidogo, akinitazama nikinywa. "Maziwa yanatosha, baba?"

Nikasema yanatosha.

Aliolewa mwaka uliofuata na mwalimu wa shule kutoka upande wa Oloipiri, mtu mpole aliyenizidi umri kwa miaka miwili na aliyelazimika kuniita baba mkwe mbele za watu. Mzee alinitumia habari mapema, kwa sababu baba haji mikono mitupu siku ya kumtoa binti. Nilikwenda, nikakalishwa na wazee, nikala nyama ya wazee. Bibi harusi alipoondoka aliinama mbele yetu sote kwa zamu, na nilipofikiwa niliweka kiganja kama wenzangu walivyoweka. Nikakiacha hapo pumzi moja zaidi kuliko wao.

Posta nilikuwa na shilingi mia sita, nilizoziweka kwa ajili ya mahari yake. Mtamba niliyempa alinigharimu mia moja na themanini, na blanketi moja shilingi ishirini na mbili. Kwa hiyo nilichookoa kwa kutomwoa ni shilingi mia tatu tisini na nane.