Mdomo wa Mama Kyakimwa

Vita vya pili vya waasi vilimfaa Melchior, mwandika vibao, kuliko alivyopenda kukiri. Kila kundi la waasi lililoingia Butembo lilikuta kibao cha kundi lililotoka juu ya mlango wa bureau, yaani ofisi, nalo likamwita Melchior akibadilishe. Aliliandika neno "Mouvement", ambalo kila kundi lilijiita, hata mkono ukalizoea bila yeye. Kwa herufi alikuwa fundi. Uso wa mtu hakuwahi kuujaribu.

Alitaka uso mmoja tu. Mama yake, Kyakimwa, aliuza samaki wa ziwani Kyavinyonge sokoni Beni. Malaria ilimchukua, kisha askari waliopita wakachoma nyumba, na picha yake pekee ikaenda na nyumba. Melchior akahamia Butembo kwa mama mukubwa Kaswera, dada wa marehemu. Asubuhi moja, akinawa, aligundua kwamba sauti ya mama bado anayo, lakini pua ya mama imeanza kumtoka akilini. Hakunywa chai. Alikwenda parokiani kujifunza kuchora uso.

Ndani ya sakristia ilitundikwa picha ya padri mzungu wa zamani, kazi ya rangi ya mafuta iliyotoka Ulaya. Ma sœur Rébecca, mtawa aliyeitunza, alimruhusu kuinakili, mradi asiiguse. Melchior alitandaza gunia la unga juu ya fremu, akalipaka gundi na chokaa, akaanza kumfuata mchoraji aliyekufa: kwanza giza, kisha kivuli cha shavu, mwanga wa paji mwisho. Rangi ya kibao hukauka upesi. Hii ya mafuta haina haraka. Humpa mtu nafasi ya kutosha ya kujuta.

Pasaka ilipokaribia, ma sœur Rébecca aliisafisha picha. Chini ya moshi wa mishumaa na ubani akatokea mzungu mwekundu kama nyanya. Kando yake, kwenye gunia, alikaa mzee wa rangi ya kahawia, mpole, ambaye ungeweza kumkuta huko shambani Mutwanga akipalilia mihogo.

"Melchior! Umegeuza padri wetu Munande, mutu wa huku!"

"Niliona vile, ma sœur."

"Uliona moshi!"

"Mais lakini, hata moshi iko na rangi yake."

Ma sœur alicheka hadi akakaa. "Kamata mutu yako, weye. Huyu ni wa kwenu."

Melchior hakuona aibu. Moshi ulikuwa umemfundisha ngozi, jambo ambalo mchoraji wa Ulaya hakulikusudia. Alitengeneza gunia jingine, akamchora mama, kisha akampelekea Kaswera.

Kaswera aliangalia. Akavaa miwani, akaangalia tena.

"Ngozi ni yake. Pua, eh, ni yake. Mais huyu hapana mudogo wangu."

"Juu ya nini, mama mukubwa?"

"Ananyamaza. Kyakimwa alinyamaza siku gani? Niambie siku moja."

Melchior akajitetea kwamba kwenye picha kubwa watu hufunga mdomo. Hata padri alifunga.

"Padri hakukuwa na samaki ya kuuzisha!"

Basi hapo ndipo shule yake ilipoishia. Padri alimpa mdomo mmoja, uliofungwa, na duniani ulibaki mdomo mmoja tu uliofanana na ule wa mama. Akamkalisha Kaswera, mwenye mdomo huo, kwenye kiti mbele ya gunia.

"Niseme nini?"

"Mugombane naye."

Kaswera hakuhitaji kubembelezwa. "Weye Kyakimwa! Ulikamata kikwembe yangu, kitenge ya ubatizo, ukaenda nayo soko, ukanirudishia inanuka samaki! Na mbele ya mama yetu ukasema ilikuwa inanuka toka zamani!"

Melchior alipaka haraka, akiuhamisha mdomo wa dada mmoja kwa mwingine. Akafungua midomo, akaweka meno, na pengo la juu pale Kaswera alipomwonyesha kwa kidole bila kukatiza hotuba. Alipoweka brashi chini, Kaswera alikuwa bado yuko kwenye habari za kikwembe. Alivuta kiti karibu na picha, akamnyooshea mdogo wake kidole.

"Na usinikate maneno. Leo nitamaliza."