Aliyeitwa Mara Moja

Mpaka leo nikipita sokoni Sake wako wanawake wanaoniuliza, "Papa Diplome, leo umezika nani?" Nami nacheka kwa aibu, maana wana haki.

Nilikuwa nimerudi Masisi na diplome ya uuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu (viatu viking'aa hata katika tope la Karuba), na munganga Mbelgiji, daktari wa hospitali ya huko, akanipa kazi ya kulalisha wagonjwa kwa etha kabla ya kisu. Siku moja wakaleta kwa tipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, msichana mdogo kutoka msitu wa Walikale, Furaha, mwenye jipu kubwa pajani. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na midomo yake ilikuwa ya buluu sikuzote, kama mtu aliyetoka kula matunda ya porini.

"Matone machache," munganga akanionya. "Moyo huu hautavumilia mengi."

Mama yake akanishika mkono mlangoni. "Papa, ukimuita ili aamuke, umuite..."

"Mama, niko na diplome!" nikamkata, nikafunga mlango.

Nikadondosha etha polepole juu ya kitambaa kilichomfunika pua, jipu likapasuliwa, kidonda kikafungwa, munganga akaenda kunawa. Ukungu ulikuwa umeingia dirishani mpaka kitandani. Nikainama, nikaita, "Furaha!" Kimya. Nikatafuta mshipa wa mkono kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa ubaridi wa etha, sikusikia kitu, na badala ya kumwita munganga (niliona hapa ndipo ukubwa wangu utajulikana) nikamfunika shuka usoni, nikatoka barazani, nikanyoosha koti, nikatangaza, "Mutoto ametuacha."

Kilio kikajaa kilima kizima.

Niliporudi ndani, shuka, pale penye mdomo, ilikuwa inavutwa na kuachwa, inavutwa na kuachwa. Kisha sauti ndogo chini yake: "Ni weye njo ulikuwa unaniita?"

Nilitoka kwa dirisha, nikaangukia katikati ya waliokuwa wakilia. Mama yake, aliyeisikia sauti ile, akanipita mbio kuingia ndani akiita, "Furaha! Furaha!"

"Niko, Mama. Nilimusikia huyu Papa. Nilikuwa nangoja mara ya pili."

Mama akanigeukia dirishani. "Kwetu mutoto haitike akiitwa mara moja. Ni wafu njo wanaita mara moja! Ulinikata kinywa, wee Diplome!"

Tangu hapo simkatizi mama yeyote, na kila mgonjwa namwita mara mbili. Na nikiwa njiani, nikasikia jina langu mara moja tu katika ukungu, mimi mwenye diplome siitiki. Nasimama, nangoja la pili, na lisipokuja, nakimbia.