Themomita ya Shule

Kila fundi anapozima chokaa na ule mvuke wake mkali ukanipanda puani, narudi darasani kwetu, Oldeani.

Mwalimu alitumbukiza donge la chokaa kwenye kopo la maji, na maji yakachemka bila moto. Mimi ndiye niliyeshika themomita, maana shule nzima ilikuwa na hiyo moja tu. "Isome ikiwa humo humo," alisema. "Ukiitoa, inapoa." Niliisoma vizuri, akaniachia niitunze.

Jioni niliificha ndani ya sweta nikaenda nayo nyumbani. Mdogo wangu, mtoto wa mgongoni bado, alikuwa na homa siku ya pili. Mama alishatoa kanga ya kumbebea kwenda zahanati, mbali, na barabara ilikuwa tope tupu. Nilimwekea mtoto themomita kwapani nikahesabu hadi mia. Ndani kulikuwa na giza na moshi, nikaitoa, nikaenda kuisomea mlangoni, kwenye ukungu.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Homa imeshuka, mama."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Basi tutaenda kesho." Akamfunika mtoto kwa ile kanga.

Kesho yake hatukwenda. Majirani walijaa ndani wakilia, na mama akawa anamweleza kila anayeingia, "Ni Mungu tu amemtaka. Hata kipimo cha shule kilionyesha anapona."

Nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni, kwenye baridi, nilipokumbuka maneno ya mwalimu.

Mama hajawahi kuyasikia.