Ng'ombe wa Otilia

Profira alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hakuna wa kumbishia katika kijiji kile cha kando ya mto Bârlad, Romania. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi wa zahanati ile ile, na wenye mvi walikuwa bado na kovu la sindano yake. Sifa yake ya pili ilikuwa kusimamia ndoa. Ndoa tano alizishikia mshumaa kanisani, na zote tano zilikuwa bado zimesimama. Alijigamba, sikufichi. "Mimi nikishona hakifumuki," alikuwa akisema.

Kule msimamizi wa kike huitwa nasha, na nasha si wa siku ya harusi tu. Kila Krismasi maharusi wake humletea kuku wa kuoka na divai, humbusu mkono, na wakigombana yeye ndiye hakimu. Ndoa ikivunjika, anayesutwa ni nasha.

Sasa tazama aliyoyafanya.

Otilia, bibi harusi wake wa tano, alikuja zahanati kiangazi kimoja mkono umevilia damu. Mumewe Viorel, fundi wa mapaa, mtu wa utani na kila mtu, alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Joiana kampiga teke, Nasha," akasema. "Ng'ombe wetu yule hana adabu."

Profira akapandisha mkono wa blauzi, akaona alama nne upande huu na moja upande ule. Ng'ombe ana kwato, jamani, hana vidole! Akaziona, akazijua, kisha akachukua kalamu akaandika kwenye daftari la wagonjwa: teke la ng'ombe. Akampa Otilia dawa ya kupaka, akamwambia awe anakamua kwa uangalifu.

Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia. Mwanaharamu hakupita. Alivua viatu akakaa.

Krismasi Viorel alileta kuku peke yake. Otilia, alisema, ana mafua. Kwenye glasi ya pili ya divai akajisifu kwamba Joiana amemuuza mnadani tangu vuli, tena kwa bei nzuri. Profira akampa hongera. Februari Otilia akaja na ubavu unaouma. "Ng'ombe," akasema, macho sakafuni. Profira akaandika ng'ombe. Baada ya Pasaka lilikuwa jicho, na Profira akaandika ng'ombe tena, kwa mwandiko wake mzuri uliosifiwa tangu shuleni.

Mwezi Mei akaja daktari mpya, Ilinca, umri wa kuwa binti yake. Juni Otilia akaletwa amevunjika kifundo cha mkono. Viorel alikuwa na mfuko wa matunda ya cheri ya kumpa Nasha, na mguu mmoja tayari ndani.

"Wewe subiri nje," daktari akamwambia.

"Mimi ni mumewe, daktari. Huyu hana siri na mimi."

"Siri ninazo mimi. Kwangu mgonjwa huingia peke yake. Nje, baba, na mlango ufunge."

"Nasha, mkanye mtoto huyu!" Viorel akacheka. Profira akajifanya anahesabu bendeji. Viorel akatoka.

Daktari akavuta kigoda, akaketi karibu na Otilia. "Mkono kama huu nimeuona kwa wanawake waliopigwa. Nani amekuumiza?"

Otilia akamtazama Profira.

"Usimtazame yeye. Nitazame mimi."

Basi Otilia akasema yote, kwa sauti ya chini. Mwisho akasema, "Nataka asikanyage tena nyumbani. Nasikia jaji anaweza kuamuru."

"Anaweza. Polisi nawaita sasa hivi, na wewe utaondoka na gari la wagonjwa, mlango wa nyuma."

Alipokwisha kupiga simu, daktari akafungua daftari. Akasoma, akarudia kusoma.

"Mama Profira, hawa watu wana ng'ombe gani?"

Profira akarudi kwenye bendeji zake.

"Jaji atalisoma hili," daktari akaendelea. "Mume atasimama aseme: mke mwenyewe alisema ng'ombe, na aliyeandika ni msimamizi wetu wa ndoa. Jioni hiyo hiyo atakuwa amerudi nyumbani."

Jibu Profira alikuwa nalo mdomoni: niliandika nilichoambiwa. Nani angembishia? Alifikiria pensheni, imebaki miaka mitatu tu. Alifikiria wanawake wa kanisani. Hata pale, na yule binti ameketi mbele yake ameushikilia mkono uliovunjika, alianza kujifikiria yeye, na alijionea aibu kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote. Akachukua kalamu, akaandika chini ya mstari wa lile jicho la Pasaka, huku akisoma kwa sauti iliyokwaruza:

"Hawana ng'ombe. Waliuza tangu vuli na nilijua. Mara ya kwanza niliona alama za vidole. Niliandika uongo mara tatu. Profira, muuguzi."

Akatia sahihi.

"Ulijua?" Otilia akauliza.

"Nilijua, mwanangu."

"Tangu ile ya kwanza?"

"Tangu ile ya kwanza."

Otilia akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa naungama kwa padri. Mfungo wa Krismasi nimeungama, Kwaresima nimeungama, kwamba namdanganya nasha wangu. Nilikuwa naona haya hata kukutazama usoni."

Profira akalifunga daftari.

Gari lilipofika mlango wa nyuma, alimshika kiwiko akamsaidia kushuka vidato viwili vya saruji. Otilia akautazama ule mkono uliomshika, aliokuwa akiubusu tangu siku ya harusi.

"Asante, nesi," akasema, akapanda.