Dada Yangu Chelangat na Gari Lisilo na Breki

Kwetu sisi tuliokulia Kimulot kabla ya simu za kugusa, gari lilikuwa kitu cha kujitengenezea. Magurudumu ni ya mbao, grisi ni maganda ya avokado, breki ni kisigino chako mwenyewe. Jioni, mikono bado ikinuka majani chai, tulipanda hadi kanisani kisha tukateremka kwa makelele hadi kituo cha kupimia majani.

Wasichana hawakuruhusiwa. Sheria hiyo aliitunga Kiprono, bingwa wa mteremko. Dada yangu Chelangat alipodai zamu, Kiprono alicheka.

"Nikikushinda, usionekane hapa tena."

"Na nikikushinda mimi?"

"Hiyo haiwezekani."

Waliachiliwa. Kwenye kona, Kiprono alikanyaga breki kama mtu mwenye akili timamu. Chelangat hakukanyaga chochote. Alimpita Kiprono, akaupita mstari wa mwisho, akampita karani wa mizani, akazama kwenye rundo la majani ya kijiji kizima. Tukakimbilia pale. Halafu majani yakatikisika, kichwa kikachomoza.

"Nimeshinda?"

Bahati mbaya mama alikuwa kwenye foleni, kikapu mgongoni. "Chelangat! Wewe ni msichana ama ni lori?"

Usiku huo alikula ugali na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akiwa amesimama, maana kukaa kulimshinda. Lakini alikuwa anatabasamu.

Alipomaliza shule, aliajiriwa kuendesha lori la majani chai. Msimu mmoja wa mvua, dereva wa mashindano ya magari alikwama matopeni karibu na Sigor, akamwona dada akipita hapo hapo na mzigo wake, anapiga mluzi. Akamkimbilia kwa miguu, akamwomba ajaribu gari lake likishanasuliwa. Alilijaribu, na hakurudi tena kwa lori. Baada ya miaka ya kupinduka na kuinuka, alikuwa bingwa wa mbio za magari nchini. Alipoleta kombe nyumbani, mama aliligeuza-geuza, akauliza, "Na kusimama, wamekufundisha?" Kisha akaingia jikoni kulia peke yake.

Kiprono ana duka Bomet. Huwaambia wateja kwamba ndiye aliyemfundisha.

Watoto wangu nao hushindana kwa simu, wamelala kwenye kochi. Wakigonga, wanabonyeza tu na gari linatoka jipya, bila kumweleza mama yeyote. Mteremko wa kanisani umetiwa lami, laini kama meza. Juzi nilisimama pale jioni nzima. Hakuna aliyeteremka.