Dawa ya Kichina Katika Duka la Manukato

Nilianguka kwa kujikwaa kwenye kibao nilichokiweka mwenyewe ili watu wasianguke. Kilikuwa kile kibao cha njano chenye picha ya mtu anayeteleza. Nilikuwa mlinzi wa kike katika duka la manukato, ndani ya jumba la maduka hapa Doha, na mtu wa usafi alikuwa ametoka kupiga deki mlangoni. Nikakiweka kibao, nikarudi nyuma kidogo kutazama kama kinaonekana vizuri, nikageuka kumwonyesha mteja pa kupita, mguu ukakikuta. Nilitua kwa nyonga ya kushoto. Mteja alikipita kibao salama.

Msimamizi wetu alifika haraka, akakipiga kibao picha pande zote ili ijulikane kwamba kilikuwepo. Baada ya hapo akaniuliza kama naweza kusimama.

Kliniki, daktari alinibonyezabonyeza, akaniinua mguu, akasema mfupa u mzima, nimevilia damu tu. Alinipa vidonge vya maumivu na kunishauri nisisimame muda mrefu. Nikamweleza kwamba kazi yangu yote ni kusimama. Alifikiri kidogo, akasema basi niegemee mguu wa kulia.

Jioni hiyo nilirudi mtaani Mansoura, kwenye chumba nilichopanga na dada mmoja Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika jimu ya hoteli. Alikuwa mlokole wa kweli, asiyegusa pombe na asiyependa hata kukaa meza moja na aliyeigusa. Pia, jambo ambalo usingelitarajia ukimwona akielekea ibadani na gauni lake refu, alikuwa amejifunza kung-fu Kampala tangu usichana wake. Mtu anayepigwa teke mara kwa mara huwa na maoni yake juu ya matibabu.

"Ngozi imepasuka?" aliniuliza.

"Haijapasuka."

"Basi lala hapo."

Akatoa nyuma ya Biblia yake chupa ya maji ya rangi ya kahawia, yenye karatasi iliyojaa maandishi ya Kichina. Alikuwa amepewa na mhandisi mmoja Mchina aliyekuja jimu kila asubuhi. Alipofungua kifuniko, harufu ya kafuri ilijaa chumba kizima. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu kafuri haina maana nyingi. Ukiisikia ndani ya nyumba, ujue kuna maiti ameoshwa na watu wanangoja jeneza. Nilijishika nyonga kuhakikisha bado inauma.

"Dada, humu ndani mna nini?"

"Mizizi. Maua. Maganda ya miti."

"Na hayo maji yenyewe?"

Alijimiminia kiganjani, akayasugua mpaka yakapata moto, ndipo akajibu.

"Wameloweka kwa pombe. Lakini hii haiingii kwa mdomo. Inaingia kwa ngozi."

Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, Mwislamu ambaye sijawahi kuonja pombe, niliogeshwa pombe na mlokole ambaye naye hajawahi kuionja, katika nchi ambayo wanaoipenda huitafuta kwa taabu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeifurahia. Alinichua kama anayekanda unga wa harusi, na kila nilipoguna aliniambia nisiguse mkono wake, damu inatembea. Alipomaliza, nyonga ilikuwa ya moto na mimi nilikuwa nimechoka kuliko nilipoanguka.

"Mara tatu kwa siku," alisema, akanikabidhi chupa niende nayo kazini.

Kwenye metro asubuhi, mama mmoja alihama kiti. Mwingine akaja kukaa karibu yangu, akavuta pumzi kwa makusudi, nadhani alikuwa na mafua.

Dukani hapakuwa na mafua. Meneja wetu, mtu mpole kutoka Beirut, alisimama katikati ya sakafu, akainua pua, akanifuata mpaka mlangoni.

"Mteja akiingia hapa anatakiwa asikie udi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Leo atasikia hospitali."

Nilimweleza habari ya nyonga. Alinipa pole, na alikuwa na huruma ya kweli. Kisha akachukua chupa ya udi wa kujaribia, ule wa rafu ya juu ambao sisi walinzi hatukuruhusiwa hata kuushika, akanipulizia mabegani, mgongoni na kwenye kofia. Kafuri haikuondoka. Ilivaa joho tu. Sasa nilinuka kama maiti wa kitajiri.

Kabla ya adhuhuri aliingia bibi mmoja Mkatari, mtu mzima, anatembea kwa mkongojo, na binti yake pembeni. Alipofika kwangu alisimama.

"Binti yangu, hii ni nini?" aliniuliza mimi. Kiarabu changu ni cha madrasa na cha kazini, lakini hilo nililielewa.

Meneja alifika kabla sijafungua mdomo. "Ni mchanganyiko mpya, hajja. Bado hatujaanza kuuuza."

Bibi alimtazama kwa utulivu. "Usinidanganye, mwanangu. Hii ni dawa ya goti. Marehemu mume wangu alikuwa akiinunua China, akienda kwa biashara ya vitambaa." Akanigeukia. "Unayo?"

Nilimtazama meneja. Meneja alitazama sakafu.

"Kailete," alisema.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha wageni wa kike, chenye viti vya mahameli na pazia zito. Nilimketisha bibi hapo, akapandisha vazi lake mpaka juu ya goti, nami nikamchua kama nilivyochuliwa, ila kwa huruma zaidi. Binti yake alijifunika pua kwa ncha ya shela. Nje ya pazia nilimsikia meneja akiagiza kahawa na tende ziletwe, na muuzaji mmoja akimweleza mteja kwamba hapana, ile haiuzwi.

Bibi alinyoosha mguu, akaukunja, akashukuru Mungu. Kisha akaichukua chupa, akaifunga vizuri, akaitia mkobani mwake. Aliniombea dua ndefu, akaondoka kurudi kwake Al Wakrah. Hawakununua kitu.

Jioni, mwenzangu wa chumbani alisikiliza kisa chote akiwa amekunja mikono.

"Umempa dawa yangu mtu mwenye dereva?"

"Sikumpa. Aliichukua."

"Na wewe ni mlinzi."

"Wewe ungemnyang'anya bibi wa watu?"

Alikunjua mikono, akaenda kutazama nyuma ya Biblia kama kumebaki kitu.

Chupa nyingine haikupatikana, kwa sababu yule mhandisi alikuwa amekwenda kwao likizo. Nyonga yangu ilitoka zambarau ikawa kijani, ikatoka kijani ikawa njano, kisha ikarudi rangi yangu bila kuguswa na mtu. Mwenzangu alisema ni ile mara moja aliyonichua. Nilipomkumbusha kwamba aliniagiza mara tatu kwa siku, alisema hayo ni maagizo ya watu wenye imani ndogo.

Bibi alirudi wiki kadhaa baadaye, na mkongojo wake uleule, anachechemea vilevile. Nilimpeleka kwenye kiti na kumuuliza hali ya goti.

"Goti halijabadilika," alisema. "Lakini nikijipaka kabla ya kulala, chumba kinanukia kama mzee wangu alipokuwa hai. Yeye ndiye aliyekuwa akinichua."

Nikamshika mkono tu. Siku hiyo alinunua udi mwingi, na meneja akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Nilipofika Mansoura nilimsimulia mwenzangu. Alikuwa akipiga pasi sare yake. Aliiweka pasi chini, akakaa kitandani. Akauliza kama bibi alitaja imebaki kiasi gani chupani.

"Hakutaja."

"Mhandisi akirudi nitamwomba mbili," alisema, akaendelea kupiga pasi.