Barua Iliyosema Watatazama Ndani

Miaka ya sabini, nikiwa nimeolewa karibuni, paa la nyumba yetu ya Jericho lilianza kuvuja. Niliandikia ofisi ya nyumba, wakanijibu kwa Kiingereza: "We shall look into it." Nilijua "look" ni kutazama, na "into" ni ndani. Kumbe wanakuja kutazama ndani ya nyumba! Na ndani, nyuma ya pazia, alikuwa akilala wifi yangu bila ruhusa ya ofisi.

Nilimshuku jirani tuliyetumia naye bomba moja. Nani mwingine angetuchongea? Niliacha kumsalimu, na wifi nikamhamishia Kariobangi na godoro lake.

Siku moja jirani alinisimamisha bombani. "Dada, nimekukosea nini?"

Nikamletea ile barua. Yeye alikuwa karani, akaisoma mara moja. "Wanasema watalishughulikia jambo lako. Hakuna anayekuja kupekua."

Sikumwamini mpaka fundi alipofika, akapanda juu, akaziba paa na kwenda zake bila kuingia ndani. Jioni nilimwomba jirani radhi, akanisamehe. Wifi alikataa kurudi. Alisema kule Kariobangi halali nyuma ya pazia.